Kusimbua Mawimbi Yaliyogongana: Ni Kazi ya Boti au ya Ufukweni?

Wanaotetea mawasiliano ya moja kwa moja baina ya vifaa, yaani simu au redio mbili kupashana habari bila kupitia mnara, hupata mfano mzuri katika Ziwa Victoria, ambako boti za omena hutoka Dunga, Mbita au Rusinga jioni na kukesha majini, nyingine zikifika mahali ambapo mtandao wa simu ni hafifu. Hoja yao ina nguvu. Ugumu ni kwamba pasipo mnara hapana wa kugawa zamu, na boti mbili zikirusha ujumbe kwa wakati mmoja katika masafa yaleyale, mawimbi hujumlishana hewani na kipokezi hupata mchanganyiko. Je, inafaa kugharimia vipokezi vinavyoweza kuutenganisha mchanganyiko huo, au ni afadhali kuendelea kuepusha migongano?

Gharama ya migongano ilijulikana mapema. Mfumo wa ALOHA, ambao Norman Abramson na wenzake waliuanzisha Hawaii na kuutumia kuanzia mwaka 1971, ulimruhusu kila mmoja kurusha apendapo, na hesabu zikaonyesha kwamba chaneli hiyo haiwezi kutumika kwa zaidi ya asilimia 18 ya uwezo wake, au asilimia 37 ikiwa muda umegawanywa katika vipindi. Hesabu hizo huchukulia kwamba ujumbe uliogongana umepotea. Thomas Cover, katika makala yake ya mwaka 1972, aliweka msingi wa mtazamo tofauti: kipokezi kisimbue kwanza (yaani kiyageuze kuwa ujumbe) mawimbi yenye nguvu huku kikiyahesabu yale dhaifu kuwa kelele, kisha kiyaunde upya, kiyaondoe katika mchanganyiko, na kubaki na yale dhaifu peke yake.

Tuchukue kipokezi kinachopata mawimbi ya boti ya kwanza kwa nguvu mara 100 ya kelele, na ya boti ya pili mara 10. Kwa fomula ya Claude Shannon ya mwaka 1948, inayoonyesha kasi ya juu kabisa ambayo chaneli inaweza kubeba, njia ya kuondoa hutoa biti 3.3 kwa sekunde kwa kila hezi ya upana wa masafa kwa boti ya kwanza na 3.5 kwa ya pili, jumla 6.8, ilhali kupeana zamu nusu kwa nusu hutoa 5.1 tu. Watetezi wa njia ya kuondoa huishia hapo, na nadhani wanaharakisha, kwa sababu boti zinazorusha pamoja muda wote hutumia nishati maradufu. Kila moja ikiruhusiwa kuongeza nguvu maradufu katika zamu yake, jumla hupanda hadi 6.0, na pengo hupungua sana. Hata hiyo 6.8 hufikiwa kwa zamu, mradi muda ugawanywe kulingana na nguvu na kila boti ikusanye nishati yake yote katika zamu yake, ila hapo boti dhaifu huambulia 0.6. Kwa hiyo faida halisi ya njia hii haimo katika jumla; imo katika kumpa haki aliye mbali bila kumpunja aliye karibu, na hilo kwa boti iliyopata hitilafu katikati ya ziwa si jambo dogo.

Hata hivyo, mfano huo una kipokezi kimoja kinachotaka ujumbe wote, kama mnara ulivyo. Boti zinapozungumza zenyewe kwa zenyewe, hali hubadilika. Boti inayonivurugia inaongea na jirani yake aliye karibu nayo, na kasi ya ujumbe wake imepangwa kwa ajili ya huyo jirani. Nisipoipata kwa nguvu ya kutosha kusimbua kasi hiyo, siwezi kuiondoa, na mbinu yote inakwama. Mtafiti Aydano Carleial alionyesha mwaka 1975 kwamba mwingiliano, yaani uvurugaji wa aina hiyo, ukiwa na nguvu nyingi mno haupunguzi kitu, kwa kuwa husimbuliwa wote na kuondolewa. Taabu ni mwingiliano wa wastani, na bila msimamizi wa nguvu huo ndio utakaokutwa mara nyingi majini.

Vifaa navyo vina mipaka. Kipokezi kikikosea ukubwa wa mawimbi ya kwanza kwa asilimia 10, mabaki yake ni sawa na kelele yenyewe katika mfano wetu, na boti ya pili hushuka kutoka 3.5 hadi 2.6. Boti inayoyumba hubadilisha mawimbi yake kila mara, kwa hiyo makosa kama hayo hayaepukiki, na hesabu za ziada hula betri. (Hofu ya usiri, kwa maoni yangu, imetiwa chumvi: kusimbua biti za mwingine si kusoma ujumbe uliofichwa kwa ufunguo.)

Hata hivyo, watetezi wa kuutenganisha mchanganyiko wana jibu moja zito. Boti mbili zilizotenganishwa na kilima cha kisiwa cha Mfangano hazisikiani, kwa hiyo kusikiliza kabla ya kurusha hakuzisaidii, ilhali boti ya tatu iliyo mbele ya ncha ya kisiwa huzipata zote mbili. Mwaka 2008 Shyamnath Gollakota na Dina Katabi wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kwamba ujumbe uleule ukigongana mara mbili kwa kupishana tofauti, kipokezi kinaweza kuanza na kipande kisichogongana na kuendelea kuondoa kipande kwa kipande, hata kama nguvu zinalingana.

Viwango vya kimataifa vimekuwa na tahadhari. Toleo la 12 la kanuni za 3GPP, shirika linaloweka viwango vya mitandao ya simu, lililokamilishwa mwaka 2015, liliingiza mawasiliano ya moja kwa moja, na matoleo ya 14 na 16 yakayapanua kwa magari. Vifaa visivyo na mnara husikiliza masafa na kujiwekea nafasi, yaani zamu. Utafiti wa shirika hilo kuhusu vifaa vingi kurusha kwa pamoja katika masafa yaleyale kuelekea mnara uliisha bila kuwa kanuni katika toleo la 16.

Ningeiweka mbinu hii kwanza katika vipokezi vya ufukweni, vyenye umeme wa kutosha na ambako ujumbe wa boti nyingi unaelekea, na kuziachia redio za botini utaratibu wa zamu. Ujumbe wa dharura urushwe kwa kasi ndogo kuliko yote, ili hata boti ambayo haikukusudiwa iweze kuusimbua na kuuondoa, na ule uliofunikwa chini yake usipotee.