Ukuta wa 1870: sensa ya Marekani na wazao wa watumwa

Mmarekani mweusi anayetafuta asili ya ukoo wake anaweza kurudi nyuma sensa kwa sensa hadi 1870, kisha akakwama. Watafiti wa nasaba wanaiita sensa hiyo ukuta, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote waliotoka utumwani. Miaka 10 kabla yake, watumwa karibu milioni 4 walihesabiwa katika fomu za peke yao: jina la mmiliki, kisha umri, jinsia na rangi ya kila mtu wake. Majina yao wenyewe, isipokuwa mahali pachache sana, hayamo.

Wapo wanaosema nyaraka za namna hiyo ni mali ya bwana na hazimfai mjukuu wa mtumwa. Wengine wameifanya sensa msahafu, na karani akipingana na bibi, bibi ndiye aliyesahau. Hawa wa pili ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, maana mtandao umewarahisishia mno. Ukibofya mara mbili tu, unapata babu.

Hata hivyo, sensa ina nguvu ambayo waraka mwingine hauna: ilibisha hodi hata kwa asiye na kitu. Mkulima wa Mississippi aliyelima shamba la mtu kwa kugawana mavuno hakuacha hatimiliki wala wosia, lakini karani alimwandika. Sensa ya 1880 iliongeza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, pamoja na mahali walipozaliwa wazazi wake. Ile ya 1900 iliwauliza akina mama wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Toa namba ya pili katika ya kwanza, utapata watoto ambao huenda hawakuandikwa popote pengine.

Kasoro zake nazo si ndogo. Fomu ya 1870 haikuuliza uhusiano, kwa hiyo mpwa aliyelelewa na shangazi anaonekana mtoto wa kuzaliwa. Rangi aliiamua karani kwa macho yake. Mtu yuleyule anaweza kuwa mweusi mwaka huu na chotara miaka 10 baadaye. Aliyezaliwa utumwani mara nyingi hakuijua tarehe yake ya kuzaliwa, basi umri ulikadiriwa. Na nani aliyejibu maswali? Kabla ya 1940, ilipoanza kuwekwa alama kwa mtu aliyetoa maelezo, hatuna njia ya kujua. Pengine alikuwa jirani.

Halafu kuna moto wa Washington wa Januari 1921, ulioharibu sehemu kubwa ya sensa ya 1890. Kilichosalia karibu chote kiliteketezwa baadaye kwa idhini ya serikali. Aliyezaliwa 1881 huonekana kwa mara ya kwanza 1900, kijana wa miaka 19 ambaye huenda keshahama kwao.

Kuhusu siri za watu, Marekani hufungua majina baada ya miaka 72. Ya 1950 yalifunguliwa Aprili 2022. Kwangu miaka 100 ya Uingereza ni salama zaidi. Mwaka 1942 takwimu za sensa zilisaidia kuonyesha mitaa walikoishi Wamarekani wenye asili ya Japani, waliopelekwa kambini.

Ukuta wenyewe huvukwa, ila si kwa sensa peke yake. Mtafiti huitazama kaya ya 1870 pamoja na majirani zake, akakisia mmiliki wa zamani, kisha akaenda mahakama ya kaunti kusoma orodha za mirathi, ambako watumwa waliandikwa kwa majina na bei kama mali nyingine. Madaftari ya Freedman's Bank, benki ya akiba ya watu waliotoka utumwani iliyofanya kazi kuanzia 1865 hadi 1874, nayo mara nyingi yalitaja wazazi na ndugu wa mwenye akiba. Hapa ndipo masimulizi ya bibi yanapohitajika, kwa sababu wengi hawakuchukua jina la bwana wao wa mwisho, na kaunti moja ingeweza kuwa na mamia ya wamiliki. Jina la shamba alilolitaja linaweza kupunguza mamia hayo hadi wawili au watatu.

Asiye na jina hilo wala orodha ya mirathi, akaona kwenye fomu ya 1860 “mwanamume, miaka 30, mweusi” na kumweka katika mti wa ukoo, hajampata babu. Mstari kama huo uko katika karibu kila ukurasa.