Mariners wangu wanapoteza, na kadi sibadilishi

Msimu umefika mapumziko ya Julai. Baada ya mechi 87, Seattle Mariners wa 2001, timu ya besiboli ya Marekani ninayoichezesha mezani kwa kadi na dado, wameshinda 52 na kupoteza 35. Kuna timu zingechinja ng'ombe kwa rekodi kama hiyo. Lakini Mariners wenyewe, wale wa nyama na damu, walifika mapumziko hayohayo wakiwa wameshinda 63 na kupoteza 24, wakamaliza mwaka na ushindi 116. Kabla yao ni Chicago Cubs wa 1906 tu waliowahi kufika hapo. Mimi niko nyuma ya historia kwa mechi 11, na Oakland, wapinzani wetu kwenye ligi, wananitazama kutoka juu. Inauma, nisijidanganye.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: Strat-O-Matic ni besiboli ya mezani, Hal Richman aliiingiza sokoni mwaka 1961. Kila mchezaji ana kadi iliyotengenezwa kutokana na takwimu zake za mwaka husika. Unarusha dado tatu. Ya kwanza inaamua usome kadi ya nani: 1 hadi 3 ni ya mpigaji, 4 hadi 6 ni ya mrushaji. Mbili zilizobaki unazijumlisha, na jumla yake ndiyo mstari wa kusoma. Kwa hiyo hata Ichiro Suzuki, aliyepiga wastani wa .350 mwaka ule (yaani kama hiti 35, mapigo ya kumfikisha besini, kwa kila majaribio 100) na kuzoa tuzo ya mchezaji bora na ya mchezaji mpya bora kwa mpigo, nusu ya riziki yake iko kwenye kadi ya mpinzani.

Juzi tulikuwa iningi ya tisa, awamu ya mwisho ya mechi, tuko nyuma kwa alama moja, watu wawili kwenye besi, wawili wameshatolewa, akitolewa wa tatu mechi imekwisha. Anaingia Bret Boone. Mwaka 2001 Boone aliingiza alama 141 kwa mapigo yake. Ungemtaka nani mwingine? Dado ya kwanza ikatoa 5, kadi ya mrushaji. Jumla 8. Mstari ukasema hiti, ila kwa sharti: rusha dado ya nyuso ishirini, 1 hadi 15 ni hiti, kuanzia 16 mpira umedakwa. Ikabingirika, ikagonga kikombe cha chai, ikatulia kwenye 16. Basi, mechi imekwisha. Na ndivyo ulivyokuwa mwaka wangu wote: tukishinda tunashinda kwa alama sita, tukipoteza tunapoteza kwa moja.

Jamaa ninaocheza nao kila mmoja ana dawa yake. Mmoja anasema kadi zimekosewa, haiwezekani timu ile icheze hivi. Mwingine ananishauri nifute kila kitu nianze upya kuanzia Aprili. Siafikiani na yeyote kati yao.

Kadi inabeba uwezo wa mchezaji. Haibebi bahati yake, wala haijui ni siku gani pigo lilikuja likiwa na faida. Kuna kanuni ya Bill James, mchambuzi wa takwimu za besiboli, ya kukadiria timu ilistahili kushinda mara ngapi: chukua alama ilizofunga uzizidishe kwa zenyewe, kisha ugawanye kwa jumla ya hesabu hiyo na hesabu kama hiyo ya alama ilizofungwa. Mariners walifunga 927 wakafungwa 627. Piga hesabu, utapata ushindi kama 111 katika mechi 162. Yaani hata wale wenyewe walipata ushindi kama mara tano wa zawadi. Kwa mwendo wa 111, baada ya mechi 87 mtu anategemea kama 60. Wao walipata 63, mimi 52. Katika mechi nyingi kiasi hicho, kupanda au kushuka kwa nne au tano ni jambo la kila siku. Kushuka kwa nane ni nuksi, lakini si muujiza, wala si ushahidi kwamba mtengeneza kadi alisinzia.

Sisi tuliolelewa na soka, jambo hili hutusumbua. Mwaka huo wa ushindi 116 Mariners walipoteza mara 46. Hebu Simba au Yanga ipoteze tatu mfululizo uone kama kocha atapata usingizi.

Na kuna Oakland, ambao nadhani ndio maelezo halisi ya msimamo wa ligi yangu. Mwaka ule walianza kwa kushinda 8 na kupoteza 18, wakazinduka baadaye hadi wakafikisha ushindi 102. Kadi zao hazikumbuki Aprili ile. Ubora wa mwaka mzima umesambazwa sawasawa, kwa hiyo kwangu wamekuwa moto tangu wiki ya kwanza. Ukitaka wasiwe hivyo, soma gazeti la zamani, achana na dado.

Hiyo ndiyo hoja yangu kwa hawa jamaa. Niliichagua timu hii kwa sababu hakuna aliyeitarajia: nyota wao Randy Johnson alishaondoka, Ken Griffey akaondoka, kisha Alex Rodriguez akafuata pesa Texas, na bado wakapeleka wachezaji wanane kwenye mechi ya nyota wa ligi iliyochezwa uwanjani kwao. Kama kila aliye na kadi hizi angefika 116, kungekuwa na maajabu gani tena? Ningekuwa mwandishi wa kumbukumbu tu, na kwa kazi hiyo sihitaji kukaa usiku na dado na kikombe cha chai.

Kwa hiyo tunaendelea, kikosi kilekile, Edgar Martinez na John Olerud katikati ya safu ya wapigaji. Mechi 75 zilizobaki, tukicheza sawasawa na kadi zetu, zitatupa ushindi kama 51. Jumla 103. Oakland wa kweli walishinda 102 wakiwa na ule mwanzo mbovu. Hawa wangu hawakuwa nao, na 103 huenda zisitoshe.