Guettard na ramani inayosahaulika

Jean-Étienne Guettard, mwanasayansi Mfaransa, akitajwa, hutajwa kwa ajili ya volkano za Auvergne, katikati mwa Ufaransa. Kwangu mimi, kazi yake kubwa ni ramani ya mawe na madini aliyoiwasilisha kwenye Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1746.

Alizaliwa Étampes mwaka 1715, na alianza na mimea. Alipoona kwamba baadhi ya mimea humea penye aina fulani ya udongo na mawe tu, akageukia mawe yenyewe. Ramani yake iligawa ardhi katika mikanda mitatu: wa mchanga ulioizunguka Paris, kisha wa udongo wa chokaa, na wa nje wenye mawe ya mabamba na madini ya metali. Kila madini aliyapa alama yake. Kwa kuwa mikanda hiyo ilikatwa na bahari, aliitafuta ng'ambo, akaiendeleza hadi Uingereza. Hilo ni wazo zito: miamba haijui mipaka ya nchi. Kasoro ni kwamba ramani ilionyesha kilicho juu tu, bila kusema tabaka lipi limelala chini ya lipi.

Mwaka 1751, akisafiri na rafiki yake Malesherbes, aliona katika mji wa Moulins mawe meusi ya ujenzi. Akauliza yanakotoka, akaambiwa Volvic, huko Auvergne. Kwenye machimbo alikuta jiwe lenye vitundu, limelala kwa mteremko kutoka mlimani, kama kitu kilichotiririka. Alipopanda mlima wa Puy de Dôme ulio karibu alikuwa na hakika: ni volkano zilizozimika.

Ajabu ni kwamba mwaka 1770 mtu huyohuyo alitetea kwamba basalti, jiwe jeusi gumu linalopatikana penye volkano, ilitokana na maji. Nguzo zake zenye pande bapa zilimkumbusha fuwele, na fuwele hukua ndani ya kimiminika. Alihukumu kwa umbo. Mwanajiolojia Nicolas Desmarest, aliyeziona nguzo hizo Auvergne mwaka 1763, alizifuatilia zilikoungana na lava, na hoja yake ndiyo iliyosimama.

Hata hivyo Guettard hakuiacha ramani. Mwaka 1767 alizunguka milima ya Vosges, mashariki mwa Ufaransa, na kijana Lavoisier, ambaye baadaye alikuwa mwanakemia mashuhuri, aliyepima urefu wa mahali kwa barometa, kipimo cha kanieneo ya hewa. Baadhi ya kurasa za atlasi ya madini ya Ufaransa iliyotokana na kazi hiyo mwaka 1780 zina michoro ya Lavoisier pembezoni, ikionyesha matabaka yalivyopandana. Ndicho kilichokosekana mwaka 1746.