Deni la kila mtu ni 32,764

Kwanza niseme, mimi uweka hazina sikuuomba. Kwenye kikao cha kwanza cha harusi ya dada yangu mtu akasema "huyu si anasoma kompyuta, apewe daftari," watu wakapiga makofi, basi nimeshakuwa mweka hazina, na kwa vile nasoma kompyuta nikaona daftari ni ushamba, nikaandika kiprogramu kwa lugha ya C kinachosoma faili lenye majina, ahadi na kilicholipwa, halafu kinatoa baki ya kila mtu na jumla chini kabisa. Watu 43. Ndiyo, Excel ingetosha, najua, msinianze.

Wiki mbili mbele jumla ikaanza kupishana na hela iliyopo kwenye simu. Elfu 20 haionekani. Sasa nyie mnajua kamati za harusi, elfu 20 ikishapotea mweka hazina hata akinunua soda watu wanakonyezana. Mtu mwenye akili zake angekaa na kikokotoo akapitia mistari 43, dakika kumi kazi imeisha. Ila mimi kipindi hicho nilikuwa nimezama kwenye LLVM, ule mtambo wa kompaila (programu inayogeuza kodi uliyoandika kuwa amri za mashine) ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000 kwa Chris Lattner na mwalimu wake Vikram Adve, ambao leo ndio umebeba Clang, ile kompaila ya C, na lugha za Rust, Swift na wenzao, nikajiambia hapa hapa ndipo pa kuonyesha elimu. Nitaandika kipelelezi ndani ya kompaila kifuatilie kila thamani, imezaliwa wapi na inatumiwa na nani, mpaka elfu 20 ijitokeze yenyewe.

Ngoja nieleze kidogo maana bila hapa hamtacheka.

Kompaila haitoki kwenye C ikaruka moja kwa moja mpaka kwenye mashine. Katikati kuna lugha yake ya kati, na humo kila thamani inazaliwa mara moja tu, inapewa namba, %5, %6, %7, haibadilishwi tena mpaka kiama. Uzuri ni kwamba kila thamani inatembea na orodha ya wanaoitumia. Ni kama sufuria kubwa la mama pale nyumbani, lile la pilau, mtaa mzima unaliazima lakini muulize saa yoyote liko kwa nani, anakwambia limetoka kwa Mama Asha, limeenda kwa mama wa pili, na mfuniko uko kwa nani tena tangu maulidi. LLVM ndiyo hivyo hivyo, unaiuliza %6 "nani anakutumia?" inakutajia mmoja mmoja.

Halafu kuna amri moja tamu sana inaitwa replaceAllUsesWith, wenyewe wanaifupisha RAUW, ukiitamka haraka kama mtu anatapika. Kazi yake: wote waliokuwa wanatumia thamani hii, kuanzia sasa watumie ile. Mstari mmoja tu na mtaa mzima umehamishwa sufuria.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Kila penye kutoa, yaani ahadi toa kilicholipwa, nachomeka kifunksheni changu, yaani kipande kidogo cha programu, kinaitwa tazama. Kinapokea ile baki, kinaiandika kwenye faili pembeni, kinairudisha kama ilivyo. Halafu napiga RAUW, wote waliokuwa wanachukua baki kutoka kwenye hesabu sasa waichukue kwa tazama. Kipelelezi kimekaa katikati, hakuna anayejua. Nilivyomaliza kuandika saa nane usiku nilisimama nikajipigia makofi mwenyewe.

Kuendesha tu, mkaguzi akaja juu. LLVM ina mkaguzi wake anayepitia lugha ya kati kuangalia kama kanuni zimefuatwa, akanitemea ujumbe kwamba ni amri ya fai peke yake ndiyo inaruhusiwa kujitaja yenyewe. Fai ni ile amri ya kuchagua thamani pale njia mbili zinapokutana, kwenye luupu, yaani sehemu inayojirudia, inaweza kujishika mkia na ni halali. Nikasema mimi fai nimeigusa wapi? Sijaigusa. Kwa hiyo mkaguzi ana matatizo yake. Nikarudia, akarudia. Kufika saa kumi alfajiri tumeshachokana, nikakumbuka kuna swichi ya kumzima.

Nikamzima.

Jamani kimya kile. Ikajenga safi, haina kelele, nikalala kama mtoto.

Kesho yake jumapili kikao saa kumi na mbili jioni, na saa kumi na moja mzee mwenyekiti anapiga, "kijana, nataka orodha ya wadaiwa kwenye grupu kabla watu hawajafika, wengine wakiona majina yao wanalipia njiani." Mzee kaongea la maana. Nikaendesha programu, ile ile ya usiku maana faili lilikuwa folda hilo hilo, nikanakili yote nikabandika WhatsApp bila hata kusoma, nikaingia kuoga.

Kutoka bafuni simu inatetemeka mezani mpaka inasogea yenyewe.

Orodha nzima, kuanzia juu mpaka chini: baki 32,764. Baba wa bwana harusi, 32,764. Mama yangu mzazi aliyemaliza ahadi siku ya kwanza tena mbele za watu, 32,764. Binti wa shangazi aliyeahidi elfu 10 tu kwa kuwa yuko shule, naye 32,764. Chini jumla ya madeni shilingi 1,408,852, imekaa na koma zake kwa heshima zote.

Waliowahi kuacha namba kwenye C bila kuipa thamani hapo wameshacheka, hiyo 32,764 wanaijua, ni takataka ya kwenye kumbukumbu tu. Ila shangazi yangu hajui C. Shangazi katuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu na nusu, nimesikiliza sekunde kumi na mbili nikazima. Mama yeye hakuandika kwenye grupu, alinipigia, "wewe mtoto, hiyo mia saba sitini na nne nimeitoa wapi mimi? Nani anaahidi mia saba sitini na nne?" Na kweli, hoja ya mama ilikuwa nzito kuliko ya mkaguzi.

Nikafungua lugha ya kati na taulo bado kiunoni, natafuta tazama, naona mstari huu:

%7 = call i32 @tazama(i32 %7)

Nikausoma kama mara sita. Saba anamwita tazama ili azaliwe, na anachompa tazama ni saba mwenyewe ambaye bado hajazaliwa. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

Kilichotokea ni hiki. RAUW haina upendeleo. Nilisema wote wanaotumia hesabu ya zamani wahamie kwa tazama, na mmoja wa waliokuwa wanaitumia hesabu ya zamani ni tazama mwenyewe, si ndiye niliyempa aichunguze! Kwa hiyo naye kahamishwa. Ni sawa umuweke mtu mlangoni pa jikoni agawe wali, halafu utangaze kila mtu achukue chakula kwa huyu bwana, na huyu bwana naye anachukua sahani yake anaenda kupanga foleni mbele yake mwenyewe. Jikoni wali upo, hakuna anayekwenda kuuchukua.

Na hapo bado. Ile hesabu halisi ya ahadi toa kilicholipwa imebaki haina hata mtumiaji mmoja, orodha yake tupu, na kompaila ikiona thamani haina anayeitumia inasema huyu ni maiti, inamfuta. Imefuta kutoa, na kwa kuwa kutoa kumeondoka basi hata zile namba za ahadi na malipo hazikuwa na wa kuzihitaji, nazo zikafuata. Yaani programu yangu ya michango haikuangalia mchango wa mtu yeyote. Imechukua chochote kilichokutwa kwenye rejista, kile kijisehemu cha kuhifadhi namba ndani ya prosesa, ikawagawia watu 43 sawa kwa sawa. Mkaguzi alikuwa ananiambia neno kwa neno, amri yako inajitaja yenyewe, mimi nikamuona mnoko.

Dawa ilikuwa mstari mmoja. Baada ya RAUW unamrudishia tazama ile thamani ya zamani mkononi mwake, wengine wabaki walikohamia. Nikauandika natetemeka, nikamwasha mkaguzi nikamwomba na msamaha kimoyomoyo, akapita bila neno. Nikaendesha, baki zikarudi za kweli, nikafungua lile faili la kipelelezi nikapitia mstari kwa mstari na ndiyo hapo nikaikuta elfu 20. Mstari wa 31. Jina langu. Nilijiandikia nimelipa siku niliyosema nitalipa jioni, jioni yenyewe nikanunua bando. Kipelelezi changu cha kwanza maishani na mtu wa kwanza kumkamata ni mimi, hilo kwenye grupu sikuliandika, nililipa kimya kimya saa hiyo hiyo.

Nikatuma orodha mpya na maelezo marefu ya kuomba radhi, "kulikuwa na hitilafu ya kitaalamu," mzee mwenyekiti akajibu "sawa kijana, ila kwenye kikao uje na daftari." Nikajua limeisha.

Halijaisha. Anko wangu, mdogo wake mama, aliahidi laki tano kwa sauti kubwa kuliko wote na mpaka siku hiyo hajatoa hata mia. Katika zile dakika kumi na tano nilizokuwa bafuni na kwenye kitanda, Anko kaona jina lake, kaona baki 32,764, hakuuliza swali. Mtu ambaye nimempigia mwezi mzima hapokei, siku hiyo alilipa ndani ya dakika mbili. Elfu 33 imeingia kwenye simu yangu na ujumbe chini yake: "Anko nimemaliza deni langu, hiyo chenji kunywa soda."

Nimempigia kumweleza kuhusu %7. Kanisikiliza vizuri tu, halafu akasema, "mjomba, mimi mambo ya kompyuta siyajui, ila skrinshoti ninayo."