Bedsita kwa nani, vyumba vitatu kwa nani?

Tangu Kenya ipitishe Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu mwaka 2024, wengi wamekuwa wakibishania makato ya kuzijenga: asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri kuongeza kiasi hicho hicho. Ni haki yao. Ila swali la nyumba hizo ziwe na vyumba vingapi, na kwa uwiano gani, limepewa nafasi ndogo mno.

Wanaotaka bedsita, yaani nyumba za chumba kimoja, ziwe nyingi wana hoja nzito. Kwa sensa ya 2019, kaya ya Nairobi ina watu 2.9 kwa wastani, ilhali wastani wa nchi ni 3.9. Jiji limejaa vijana wanaojitegemea peke yao. Sheria yenyewe imetenga nyumba za kijamii kwa wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na mtu wa kipato hicho ukimpa vyumba vitatu, malipo yatamshinda. Atampangishia mwenye uwezo, yeye mwenyewe arudi kwenye nyumba ya mabati.

Lakini huo wastani unaficha mengi. Kijana mmoja na familia ya watu watano, ukiwajumlisha na kugawanya, wanatoa watu watatu ambao hawapo popote. Mwaka 2009, wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walipohamishiwa kwa muda kwenye magorofa ya Lang'ata, familia zilipewa chumba kimoja kimoja ndani ya nyumba ya vyumba vitatu, zikitumia jiko na choo pamoja. Maji na umeme vilipatikana, faragha, hapana. Mtu asije akasema maskini amezoea kubanana. Binti wa miaka kumi na mitano anahitaji mahali pa kulala mbali na kaka zake, awe kwenye mabanda ya Mukuru au kwa matajiri wa Karen.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni muda. Mpangaji akipata mtoto wa pili huhama mtaa. Mnunuzi wa nyumba hizi hawezi kuuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Gharama Nafuu, na malipo yake ni ya miaka mingi. Bedsita iliyomtosha akiwa kapera inaweza kuwa kifungo akishapata watoto watatu.

Kwa hiyo naunga mkono bedsita, kwa masharti. Uwiano upangwe kwa kuhesabu kaya za mtaa husika. Jambo hilo linawezekana: Mukuru ilipotangazwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo la kuandaliwa mpango wake wa uendelezaji, mwaka 2017, wakazi wenyewe walishiriki kuorodhesha takriban kaya 100,000. Ukuta kati ya bedsita mbili usibebe uzito wa jengo, ili siku moja ziunganishwe. Nyumba za ghorofa ya chini watengewe wazee na wenye ulemavu. Na kwa kuwa idhini ya kuuza iko mikononi mwa Bodi, iweke pia utaratibu wa kubadilishana: familia iliyoongezeka ihamie nyumba kubwa, wazee waliobaki wawili wahamie ndogo, bila yeyote kupoteza alichokwisha kulipa.