Malango mawili, seva moja: kanuni za njia zikae wapi?

Taasisi nyingi za Kisumu, Nakuru na Kakamega zimeacha kutegemea laini moja ya intaneti. Sacco, hospitali ya misheni, chuo cha ufundi, hata duka la jumla lenye matawi Ahero na Bondo: utakuta fiba ya kampuni moja imeingia ofisini, na juu ya paa kuna redio au dishi la Starlink, iliyoanza huduma Kenya mwaka 2023. Pesa za laini ya pili hulipwa kila mwezi. Lakini seva iliyo chumba cha nyuma mara nyingi inajua lango moja tu la kutokea, na siku fiba ikikatika, laini ya pili inabaki inawaka taa bila kumfaa mtu.

Hapo ndipo mafundi wanapogawanyika. Wako wanaosema seva yenyewe ishike malango yote mawili na ipewe kanuni za kuchagua njia. Wengine wanasema seva iachiwe lango moja, mambo ya njia yaamuliwe na rauta iliyo mlangoni. Hoja za pande zote mbili ni nzito, ila naona zinagombania mambo matatu tofauti kana kwamba ni jambo moja: jibu kurudi lilikotoka ombi, kuhama laini moja inapokufa, na kugawa kazi kati ya laini mbili zilizo hai. Ukiyatenganisha, ubishi mwingi unaisha.

La kwanza ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Kwa kawaida Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, huchagua njia kwa kutazama pakiti, yaani kifurushi cha data, inakwenda wapi. Ilikotoka haiulizi. Chukua seva yenye anwani 192.0.2.10 kwenye fiba na 198.51.100.10 kwenye redio, huku njia kuu ya kutokea ikiwa fiba. Mteja aliye Siaya anagonga anwani ya redio na ombi lake linafika salama. Seva inatayarisha jibu, inatazama jedwali lake la njia, inaona kila kinachokwenda nje kinapitia fiba, na jibu linatoka huko likiwa limebeba anwani ya redio. Kampuni ya fiba ikiona pakiti yenye anwani isiyo yake inaitupa. Haikosei kufanya hivyo: mwongozo wa BCP 38, uliotolewa mwaka 2000, unawataka watoa huduma wazuie anwani za kughushi, kwa sababu ndizo zinazotumika kushambulia mitandao ya wengine. Ni sawa na kumpigia mtu kwa namba moja, kisha simu ya kukujibu ije kwa namba ngeni. Hata ikikufikia hutaipokea.

Mateso ya hitilafu hii ni kwamba haionekani kwa urahisi. Fundi anawasha tcpdump, programu ya kuonyesha pakiti zinazopita, kwenye milango yote ya mtandao ya seva kwa pamoja, anaona maombi yakiingia na majibu yakitoka, anasema seva ni nzima na kosa ni la mtoa huduma. Hajatazama jibu limetokea mlango upi. Na kama rp_filter, kichujio cha Linux kinachokagua pakiti imeingilia mlango upi, imewekwa 1, mambo ni kimya zaidi: seva yenyewe inalitupa ombi linapoingia, kwa kuwa inajua jibu lake lingetokea upande mwingine. Ukiiweka 2 inalegea na kukubali, ila ujue kwamba kati ya thamani iliyoandikwa kwenye «all», yaani ya milango yote, na ile ya mlango husika, inayofuatwa ni iliyo kubwa. Wengi huandika 0 kwenye mlango mmoja, wanaacha 1 kwenye «all», kisha wanashangaa.

Dawa yake ni fupi. Kila laini inapewa jedwali lake la njia, na kila anwani inapewa kanuni ya kuifikisha kwenye jedwali hilo. Kwa redio, ambayo hapa mlango wake ni eth1 na jedwali lake tumelipa namba 102:

ip route add default via 198.51.100.1 dev eth1 table 102
ip rule add from 198.51.100.10 table 102

Kisha unafanya vivyo hivyo kwa fiba. Uwezo huu umo ndani ya Linux tangu kerneli (kiini cha mfumo) 2.2 ya mwaka 1999. Kerneli huja na kanuni tatu zinazosomwa kwa mfuatano wa namba, 0, 32766 na 32767, na zako zinaingia katikati, mbele ya jedwali kuu. Hapo hapo kuna mtego: jedwali jipya halijui mitandao yako ya ndani. Usipoongeza kanuni inayosema trafiki ya 10.0.0.0/8, fungu la anwani za ndani, ifuate jedwali kuu, wateja wa nje watafurahi, ila tawi la Ahero linaloifikia anwani hiyo ya redio kupitia VPN (mtandao wa faragha juu ya intaneti) litakatika, kwa sababu majibu yake sasa yanatupwa nje kwenye redio.

Kwa kazi hii moja sioni kwa nini tubishane. Seva ikiwa na anwani mbili za umma mwilini mwake, kanuni hizi ni lazima. Bila hizo anwani ya pili ni mapambo.

Wanaotetea seva kushika kanuni wana hoja nyingine nzuri: seva inajua mambo ambayo rauta haiwezi kuyajua kwa urahisi. Inajua ni mtumiaji gani wa mfumo aliyeanzisha kazi. Benki na mifumo ya malipo mara nyingi hupokea maombi kutoka anwani zilizosajiliwa tu, kwa hiyo programu ya malipo ni lazima itokee kwenye fiba yenye anwani isiyobadilika. Nakala za usiku za picha za eksirei hazihitaji hilo, na zinaweza kusukumwa kwenye laini ya bei nafuu bila kuwabana wahudumu wa zamu. Kanuni moja inayofuata kitambulisho cha mtumiaji anayeendesha nakala hizo inatosha. Kwa hospitali ndogo ya Vihiga au Busia, huo ni unafuu wa kweli.

Upande wa pili una uzoefu wa machungu, na nausikiliza kwa makini. Kanuni za njia hazionekani. Fundi mpya anaandika «ip route», anaona jedwali kuu limekaa vizuri, na hana sababu ya kushuku kwamba kuna majedwali mengine nyuma yake hadi aandike «ip rule». Kanuni zilizochapwa kwa mkono zinapotea seva ikizimwa, na kwetu stima haikawii kuziondoa. Mlango ukizimika hata kwa dakika moja, njia zake zinafutika kwenye majedwali yote huku kanuni zikibaki zimesimama zikielekeza kwenye jedwali tupu. Mlango ukirudi, njia zilizowekwa kwa mkono hazirudi nao. Tena matoleo ya sasa ya systemd-networkd, programu inayosimamia mtandao kwenye baadhi ya Linux, yakianzishwa upya, hufuta kanuni ambazo hayakuziandika yenyewe, mpaka uyakataze. Fundi aliyezipanga ameshahamia Nairobi kwenye kazi nzuri zaidi, na hakuacha hata karatasi moja.

Ongeza hapo Docker, inayoendesha programu ndani ya visanduku viitwavyo kontena, na ambayo siku hizi imo karibu kila mahali. Programu iliyo ndani ya kontena inajibu kwa anwani ya ndani, tuseme 172.17.0.2. Wakati kerneli inachagua njia, anwani ya umma bado haijarudishwa kwenye pakiti, kwa hiyo kanuni ya «from 198.51.100.10» haiikuti. Inabidi uunganisho utiwe alama unapoingia, alama itunzwe kwa CONNMARK, sehemu ya Linux inayokumbuka alama ya kila uunganisho, irudishwe jibu linapotoka, na kanuni ifuate alama badala ya anwani. Inafanya kazi, tena vizuri. Lakini ghafla mistari miwili imekuwa kumi na mitano, na wanaoielewa katika mji mzima unaweza kuwahesabu.

Hata hivyo, wanaosema «weka rauta mbele, yaishe» hawajalimaliza. Rauta yenye laini mbili inayoelekeza anwani mbili za umma kwenye seva moja ina tatizo lile lile: jibu linaporudi kutoka kwenye seva, rauta ikumbuke ombi liliingilia wapi. Kwenye rauta za MikroTik, ambazo mafundi wengi wa huku wanazifahamu, unatia alama uunganisho kisha unatia alama njia, na hiyo ni CONNMARK kwa sura nyingine. Faida ya rauta iko kwingine. Kanuni zinakaa mahali ambapo fundi yeyote wa mtandao ataanza kutafuta, zinahudumia kompyuta za ofisi nzima pamoja na seva, na msimamizi wa seva anaweza kuibadilisha mashine yake yote bila kugusa njia za watu.

Faida hiyo inaonekana hasa kwenye jambo la pili, kuhama laini inapokufa. Hapa nasimama na watu wa rauta bila kusita. Kanuni za njia peke yake hazijui kwamba laini imekufa. Tazama kile kikasha cha fiba ukutani siku waya umekatwa barabarani: taa ya LOS, ya kuonyesha ishara ya fiba imepotea, inapepesa nyekundu, na taa ya Ethernet, ya waya wa ndani ya ofisi, chini yake bado ni ya kijani. Kwa seva, mlango uko hai na lango lipo, kwa hiyo inaendelea kumwaga pakiti shimoni. Lazima kuwe na kitu kinachopima. Kukipima kikasha hakusaidii, na lango la mtoa huduma aliye hapa hapa Kisumu linaweza kujibu vizuri huku njia ya kwenda Nairobi imekatika Kericho. Upime anwani kadhaa za mbali, kupitia laini husika, na usihame mpaka zote zinyamaze mara kadhaa mfululizo. Rauta nyingi za laini mbili zina njia ya kufanya hivyo. Kwenye seva utaishia kuandika skripti, na skripti ya namna hiyo ikikosea saa nane usiku inaweza kukufungia nje ya mashine uliyotaka kuiokoa.

Kugawa kazi kati ya laini mbili hai nitakupitia haraka, kwa kuwa faida yake kwa taasisi ndogo ni haba. Linux tangu kerneli 4.4 ya mwaka 2016 hugawa kwa hesabu inayoushikilia mtiririko kwenye njia moja, badala ya kurusha pakiti huku na huku, lakini bado mtu mmoja anaweza kuonekana na benki akitokea anwani mbili tofauti, na mfumo ukamtoa nje katikati ya kazi.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba taasisi nyingi hununua laini ya pili isiyoweza kufanya kazi waliyoinunulia. Huduma ya kawaida ya Starlink, na laini nyingi za simu, humpa mteja anwani ya IPv4 inayoshirikiwa, kutoka fungu la 100.64.0.0/10. Kutoka ndani unavinjari vizuri. Kutoka nje hakuna awezaye kukugonga. Taarifa ya malipo inayopaswa kuifikia seva yako haitafika, uwe na kanuni kumi au mia. Suluhisho linalowezekana ni handaki la WireGuard, aina ya VPN, kutoka kwenye seva hadi mashine ndogo ya kukodi yenye anwani ya kudumu katika kituo cha data Nairobi, na wateja wote wagonge huko. Laini ikibadilika chini yake, handaki linashika tena na dunia ya nje haijui kitu. Na hapa wale wanaokataa kabisa kanuni kwenye seva watambue: wg-quick, amri ya kuwasha WireGuard, ikipewa trafiki yote, yenyewe huongeza alama, kanuni na jedwali la pekee, kwa kawaida namba 51820. Kanuni zimeshaingia kwako.

Ipo pia njia ya kuwa na namba yako ya mtandao na fungu la anwani kutoka AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, uzitangaze kwa BGP, itifaki ambayo mitandao hutangaziana njia, kupitia kampuni zote mbili. Ndiyo njia kamili, lakini fungu la IPv4 dogo kuliko /24 (anwani 256) halitangaziki, gharama ni kubwa, na kampuni zote mbili lazima zikubali. Chuo kikuu kinaweza. Sacco ya Luanda, Vihiga, hapana.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Mahali palipo na fundi wa kudumu na seva yenye anwani mbili zake, kanuni za kurudisha jibu zikae kwenye seva, zimeandikwa ndani ya netplan, mpangilio wa mtandao wa Ubuntu, na si kwenye skripti ya pembeni, na uamuzi wa kuhama ukae kwenye rauta. Mahali fundi anapoitwa tu mambo yakiharibika, seva ibaki na lango moja, na handaki lipite juu ya laini yoyote iliyo hai. Kuhamishia kila kitu kwenye seva kwa sababu Linux inaweza, katika ofisi isiyo na mtu wa kuilea, ni kuwaumiza wagonjwa na wanachama ambao hawakuulizwa.

Lakini hata mpangilio bora hauwezi kushinda nguzo na mitaro waya unamopita. Laini mbili za kampuni mbili zinaweza kutoka Nakuru zikafuata barabara moja kupitia Mau Summit na Kericho, na greda moja ikazikata zote. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini kwa pamoja, na aliyekuwa na laini mbili zinazotegemea nyaya hizo aliumia kama aliyekuwa na moja. Zabuni nyingi za laini ya pili huuliza kasi na bei tu. Zingeomba mambo matatu zaidi: anwani ya umma isiyobadilika, mchoro wa njia ambayo waya unapita hadi Nairobi, na jaribio moja kabla ya malipo ya mwisho. Siku ya kazi, saa nne asubuhi, wakuu wakiwa wameambiwa, fundi anachomoa waya wa fiba wenyewe kwenye kikasha, ule mwembamba wa njano, na si waya wa Ethernet. Kisha mtu aliye Bondo anajaribu kulipa.