Notsi zitoe zote, uhamishe chache

Kila masika yakikolea Arusha, magari ya safari yakiwa yamepaki na wapagazi wamerudi mashambani, huwa naletewa swali lilelile na watu wanaoishi kwa utalii. Safari hii kaliuliza jirani yangu wa Sakina, mwongoza watalii niliyemfahamu tangu akiwa mpagazi. "Kaka, programu yangu ya notsi imenibana. Nihame, au nivumilie?"

Ana notsi kama 1,200, za miaka tisa. Humo mna saa za kutembea kwa kila njia ya Kilimanjaro, ndege wa Ziwa Duluti, maneno ya Kijerumani ya kuwaelezea wageni mimea, dawa wanazotumia wageni wake, na majina ya miti aliyoambiwa na mzee mmoja wa Marangu ambaye sasa ni marehemu. Mtu mwenye mali ya namna hiyo hastahili kujibiwa kwa pupa, nami nilikaa na swali lake wiki mbili.

Wanaosema hama wana hoja nzito. Programu ya notsi ni chumba cha kupanga: mwenye nyumba akibadilika, masharti nayo hubadilika. Evernote ilifunguliwa kwa umma mwaka 2008, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ikitajwa kwanza watu wakizungumzia notsi za kidijitali. Mapema 2023 ikaingia mikononi mwa Bending Spoons, kampuni ya Milano, Italia, na ilipofika Desemba mwaka huohuo asiyelipia akawekewa ukomo wa notsi 50 na daftari moja, yaani kundi moja la kupangia notsi. Nyingine zilifungwa kabisa. Google Notebook ilizimwa mwaka 2012, Springpad mwaka 2014. Aliyekuwa ameweka humo kazi yake alilazimika kuondoka, awe tayari au asiwe tayari.

Kisha kuna suala la mtandao, ambalo kwa watu wa mlimani lina uzito wake. TTCL, shirika la simu la taifa, ilifikisha intaneti Horombo, kambi ya njia ya Marangu, mita 3,720, mwaka 2022, na hilo ni jambo kubwa. Lakini anayepanda kwa njia ya Machame hapiti Horombo. Mgeni akikuuliza jina la ua ukiwa Barranco, kambi ya njia hiyo, notsi iliyoko kwenye seva ya mbali haikusaidii kitu. Notion, programu nyingine ya notsi, ilianza kufanya kazi bila mtandao Agosti 2025 tu, na hata hivyo ukurasa unaoutaka sharti uwe umeuandaa mapema ukiwa na mtandao. Obsidian hukaa upande wa pili kabisa: kila notsi ni faili la maandishi ndani ya simu yako mwenyewe, kwa mtindo wa Markdown, wa kupangilia maandishi kwa alama za kawaida, uliobuniwa na John Gruber mwaka 2004, na faili hilo hufunguka kwa programu yoyote inayosoma maandishi. Joplin nayo huandika kwa Markdown, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Kwa jirani yangu, yoyote kati ya hizi mbili ingetosha, na sitapoteza muda kuzishindanisha.

Sasa upande wa pili. Dada mmoja anayeendesha ofisi ya safari Moshi amehama mara mbili, na ameapa hahami tena. Mazoea yake ni kuanza kichwa cha notsi kwa tarehe: 12/6 Machame, 3/9 Lemosho. Kwenye programu ya zamani hilo halikuwa na shida. Notsi zilipogeuzwa kuwa mafaili, ule mkwaju (alama ya /) ukawa tatizo, maana jina la faili haliruhusiwi kuwa nao. Programu mpya ikauondoa bila kumwambia, na 12/6 ikawa 126. Alikaa jioni kadhaa akikisia 126 ni tarehe gani na 111 ni Januari 11 au Novemba 1, na zipo ambazo hajazitambua mpaka leo. Viungo alivyokuwa ameviweka kutoka notsi ya mgeni kwenda notsi ya njia vilikufa vyote. Anachosema yeye ni kwamba saa alizopoteza zingetosha kuwaandikia wageni wa msimu mzima, na mimi sina la kumpinga hapo.

Tena, ukomo wa Evernote niliotaja haukufunga notsi za zamani. Aliyekuwa nazo zaidi ya 50 aliendelea kuzisoma, kuzirekebisha na kuzitoa. Alichonyimwa ni kuongeza mpya. Wengi walihama usiku kwa hofu ya kitu ambacho hakikuwapo.

Ukitazama kwa makini kinachopotea, utaona maneno karibu yote hufika salama. Kinachomwagika njiani ni yale yanayoyazunguka maneno. Evernote hutoa notsi kwa faili la aina yake yenyewe, ENEX. Maandishi yamo, picha zimo, lebo zimo, tarehe ya kuandikwa na ya kurekebishwa zimo. Jina la daftari halimo. Ukitoa notsi za madaftari mengi kwa mkupuo unapata rundo moja; dawa yake ni kutoa daftari moja moja na kuliita kila faili kwa jina la daftari lake. Notion ukiitoa kwa Markdown, kila jina la faili linafuatwa na mkia wa herufi na tarakimu 32, na majedwali yanageuka CSV, yaani faili la maandishi matupu ya jedwali: safu zipo, ule mpangilio wa kuyatazama umekwenda. Google Keep hupitia Takeout, huduma ya Google ya kutoa data zako, na kila notsi hutoka kama faili la HTML, linalofunguka kama ukurasa wa wavuti, na jingine la JSON, ambalo mtu wa kawaida hawezi kulisoma kwa raha.

Tarehe ndiyo inayonisumbua zaidi. Markdown haina mahali pake maalumu pa tarehe. Programu nyingine huiandika juu ya notsi, nyingine huiachia tarehe ya faili, na tarehe ya faili inaweza kubadilika ukinakili tu kwenye simu nyingine. Kwa notsi ya mapishi hilo halina madhara. Kwa mtu aliyeandika siku alizoona heroe wengi kwenye maziwa ya Momella, tarehe ndiyo notsi yenyewe. Vivyo hivyo kutafuta ndani ya picha: Evernote husoma maneno yaliyo kwenye picha, ukiandika "Shira" inakuletea picha ya kibao cha kambini. Picha hiyo ukiihamisha haipotei, lakini huenda usiipate tena kwa kutafuta.

Kwa hiyo nilimjibu jirani yangu kwamba ameuliza maswali mawili kwa pamoja. Kutoa notsi ni kazi moja, kuhama ni kazi nyingine. Tunazichanganya kwa sababu programu mpya hutualika kuzifanya kwa pamoja: leta faili lako la ENEX hapa, bonyeza, umeshahamia. Ningependa tuzitenganishe. Kutoa nakala ya kila kitu na kuiweka mahali pako ni jambo la lazima, hata kwa anayeipenda programu yake na hana mpango wa kuondoka. Hapo ndipo ninapotofautiana na yule dada wa Moshi: amekataa kuhama, sawa, lakini hana nakala hata moja nje ya programu, na hilo linanitia wasiwasi kuliko viungo vyake vilivyokufa.

Kuhama, kwa upande mwingine, ni kwa zile notsi zinazofanya kazi msimu huu. Anayehama Ngarenaro kwenda Sakina hukodi kirikuu akapakia kitanda, jiko na nguo. Vingine huvipeleka kwa mama Kibosho mpaka atakapovihitaji. Notsi za mgeni wa mwaka 2017 zinaweza kukaa kwa mama. Zisitupwe. Zipo, zinafunguka, hazisongi chumba kipya.

Wapo watakaosema huku ni kugawanya akili sehemu mbili, na kwamba raha ya notsi ni kutafuta mahali pamoja ukapata kila kitu. Mtafiti au mwandishi ana haki ya kulisisitiza hilo, na kwake kuhamisha zote kunaweza kustahili hizo jioni. Kwa mtu ambaye swali lake la kila siku ni "kambi inayofuata iko mbali kiasi gani", sioni faida inayolingana na taabu.

Lipo jambo jingine ambalo wanaosifu mafaili ya wazi hawalitaji vya kutosha. Kinachofunguka kwa kila programu hufunguka pia kwa kila mtu. Notsi za jirani yangu zina majina ya wageni, namba za pasi za kusafiria, nani ana pumu, nani anatumia dawa za moyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Evernote inakutaka utoe ENEX kwenye kompyuta, simu haitoshi, na wengi wetu tusio na kompyuta tutakwenda steshenari. Hapo unaingia kwenye akaunti yako, faili linashuka, unalinakili kwenye flashi na kuondoka, na wageni wako wote wanabaki kwenye folda ya kompyuta ya watu. Azima laptopu ya mtu unayemwamini. Na kabla ya kutoa chochote, futa taarifa za afya za wageni ambao safari zao zimekwisha; hukuwa na sababu ya kuendelea kuzitunza.

Jumamosi iliyofuata tulikaa kwangu kuanzia saa nne asubuhi. Kwanza alifuta ya wageni. Kisha tukatoa madaftari 14, moja moja, tukayaweka kwenye flashi mbili, moja yake na moja ya kupeleka kwa dada yake Moshi. Alizohamisha kwa mashine ni 63: njia, kambi, maneno ya Kijerumani. Za miti alikataa kuziingiza kwa mashine, akaziandika upya kwa mkono wake, moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye isale akakuta ameandika jina tu, hakuandika kwamba mzee alimweleza jinsi Wachagga wanavyolichukua jani lake kwenda kuombea msamaha. Akaliongeza. Notsi ya msesewe, ule ambao gome lake hutiwa kwenye mbege, ilikuwa na sauti ya mzee akilitamka jina, sekunde 11. Ilitoka pamoja na faili bila kudhurika. Tuliisikiliza mara mbili kabla ya kuchomoa flashi.